Kilomita 400 si nusu saa: tunavyokosea kuhesabu safari kati ya viwanja vidogo vya ndege

Dhana: Gawanya umbali kwa kasi ya ndege, umepata muda wa safari.

Vikokotoo vingi vya mtandaoni hufanya hivyo hivyo. Huchukua kasi ya jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, vikakuambia kilomita 400 ni dakika 30. Jeti yenyewe sasa, itatua wapi kwenye kiwanja chenye njia fupi ya kurukia, tena ya kokoto? Huko utapanda Cessna Caravan ya injini moja, ambayo ikijitahidi hufika kilomita 340 kwa saa. Hapo umbali uleule unakula saa 1 na dakika 10, na bado hujahesabu kujongea hadi mwanzo wa njia, kupaa na kujipanga kutua.

Safari ikiwa fupi zaidi, hesabu huharibika zaidi. Kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kaskazini mwa Scotland, kuna kilomita 2.7 tu. Kwa kasi ya kawaida ya ndege ndogo inayohudumu pale zingekuwa sekunde 40 hivi, lakini ratiba huiwekea dakika 2.

Dhana: Upepo ukikuchelewesha kwenda, utakufidia kurudi.

Hii huwanasa hata watu wa hesabu. Chukua kilomita 600 na ndege ya kilomita 300 kwa saa: pasipo upepo, kwenda na kurudi ni saa 4. Sasa weka upepo wa kilomita 60 kwa saa. Ukija usoni, kasi juu ya ardhi inashuka hadi 240, na safari inachukua saa 2 na nusu. Ukisukuma kutoka nyuma, kasi inapanda hadi 360, nawe unafika kwa saa 1 na dakika 40. Jumla ni saa 4 na dakika 10. Fidia haitimii kwa sababu ndege inakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Ndege ikiwa ya polepole, pengo linapanuka, na ndege za viwanja vidogo ndizo za polepole.

Dhana: Mstari ulionyooka kwenye ramani ndio njia fupi.

Si kila mara, kwa kuwa ramani ni bapa na dunia ni mviringo, na ndiyo maana safari za New York kwenda Hong Kong zinaweza kupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Lakini kwa kilomita 300 tofauti ni ndogo mno. Kinachopindisha njia kwenye safari fupi ni milima, mawingu ya radi na anga zilizofungwa.

Dhana: Viwanja vikiwa jirani, ndege ya moja kwa moja haikosekani.

Mara nyingi ni kinyume. Kila kiwanja kidogo huunganishwa na mji mkubwa, si na jirani yake, kwa kuwa abiria wengi wanaelekea mjini. Hivyo kilomita 200 zinageuka ndege mbili, na kusubiri katikati kunaweza kuzidi muda wote wa angani. Kiwanja cha mwisho kikiwa hakina taa, ndege ya kwanza ikichelewa hata kidogo na jua likazama, utalala njiani.