Baada ya matanga: kanisa na haki za mjane mjini Moshi

Msiba ukitokea Pasua, Njoro au Bomambuzi, mara nyingi jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa, hufika kabla ya ndugu wa mlimani. Kina mama wanakuja na sufuria na mchele, wazee wa kanisa wanashika daftari la rambirambi, kwaya inaimba mpaka usiku. Mwili unapandishwa kihambani, yaani shamba la ukoo mlimani, Kibosho au Rombo, unazikwa, watu wanarudi mjini. Anayebaki ni mjane, chumba cha kupanga, watoto, na kikao cha ukoo ambacho ama hakuitwa, ama aliitwa akatakiwa anyamaze. Sisi wa diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, tunakuja kumwona tena miezi kadhaa baadaye, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya usharika akisubiri kuomba unga na sare za shule. Wakati huo kiwanja kimeshauzwa na karatasi zimeshaondoka na shemeji.

Unga tunampa, na tutaendelea kumpa. Lakini ninaandika haya kwa sababu kanisa lina kitu kingine ambacho mjane anakihitaji zaidi, na ambacho hakuna mtu mwingine mtaani mwenye nacho: kumbukumbu zake na ushahidi wake.

Waraka wa Yakobo unasema dini iliyo safi ni "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Na kabla ya hapo, katika Matendo ya Mitume sura ya 6, ugomvi mmojawapo wa kwanza ndani ya kanisa ulihusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujibu kwa kuongeza sadaka tu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia jambo hilo kwa utaratibu. Kwetu huku, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Tangu hapo makanisa yamejenga shule na hospitali ambazo nusu ya mji umepitia. Kwenye mlango wa mirathi, hata hivyo, mara nyingi tumesimama nje tukisema hayo ni mambo ya ukoo.

Hebu tuone yaliyomo ndani ya hayo mambo ya ukoo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lina kanuni inayosema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliopoteza makazi yao kwa kanuni za namna hiyo. Ndizo kanuni ambazo baba mkubwa anazitaja kwenye kikao, wakati mwingine bila hata kujua zimeandikwa wapi.

Lakini si kila marehemu mirathi yake inakwenda kwa mila. Hapa ndipo wajane wengi Wakristo wanapopoteza bila kujua. Mahakama inapoamua sheria gani itumike, hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyotaka mambo yake yaende. Mtu aliyefunga ndoa kanisani, akabatiza watoto wake, akaishi mjini kwa mshahara au biashara, familia yake inaweza kuiomba mahakama isitumie mila bali sheria ya kiserikali ya urithi, ile ya India ya mwaka 1865 iliyoletwa na Waingereza. Chini ya sheria hiyo, mume akifa bila wosia akiacha mke na watoto, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Tofauti kati ya theluthi moja na kutokuwa na fungu kabisa ni paa juu ya kichwa.

Sasa, nani atathibitisha alivyoishi marehemu? Daftari la ndoa la usharika. Cheti cha ubatizo. Kadi ya ahadi na sadaka. Mchungaji, padre au mzee wa kanisa aliye tayari kusimama mahakamani na kusema, "Huyu nilimfungisha ndoa, na huyu ni mkewe." Vitu hivi viko kwenye kabati la ofisi, wakati mwingine vimeliwa na mchwa. Usharika unaotunza daftari zake vizuri na kumpatia mjane nakala ndani ya wiki moja umefanya kazi ya umisionari kamili. Hata cheti cha ubatizo peke yake husaidia, maana ni miongoni mwa nyaraka ambazo RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, huzipokea pale mtoto anapoandikishwa kwa kuchelewa, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kuthibitisha kwamba ni wa marehemu.

Kwa hiyo naomba jumuiya zibadili kidogo desturi ya msiba. Pamoja na kamati ya chakula, awepo mtu mmoja, mwanamke mwenye busara kwa kawaida anafaa, ambaye kazi yake ni karatasi. Nyumba ya msiba huwa wazi kwa wiki nzima, watu wanaingia na kutoka, na ndipo bahasha inapopotea. Mtu huyo akae na mjane wakusanye mkataba wa mauziano ya kiwanja uliosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kadi ya pikipiki, kitabu cha SACCOS (chama cha akiba na mikopo), namba ya uanachama ya mfuko wa pensheni, NSSF au PSSSF, na simu ya marehemu pamoja na laini yake. Kisha ahakikishe kifo kimeandikishwa. Sheria inataka kiandikishwe ndani ya siku 30, na bila cheti cha kifo hakuna mirathi, hakuna mafao, benki haifunguki. Aliyefia hospitali hupewa karatasi yake pale pale. Aliyefia nyumbani anaanzia kwa mtendaji.

Jambo jingine la kueleza mapema ni cheo cha msimamizi wa mirathi. Ukoo ukimpendekeza kaka wa marehemu, watu huondoka wakidhani mali imekuwa yake. Si yake. Msimamizi huteuliwa na mahakama ili akusanye mali, alipe madeni na kugawa kwa warithi. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mjane mwenyewe anaweza kuomba kuwa msimamizi. Anaweza kuweka pingamizi, na akiona mali inaliwa, anaweza kuomba uteuzi utenguliwe. Na wale wanaomwambia lazima arithiwe na shemeji ndipo abaki na watoto, waambiwe wazi kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo.

Niseme na lile gumu. Katika mitaa ya kipato cha chini, wanawake wengi wameishi na waume zao miaka mingi bila ndoa ya kanisani. Mahari haikukamilika, fedha za harusi hazikupatikana, au mmoja alikuwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa. Mume akifa, mama huyu hayumo kwenye orodha ya wajane ya usharika. Naona ni dhambi yetu. Sheria yenyewe ina huruma kuliko sisi: kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika kwa watu kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watakaothibitisha ni majirani, yaani jumuiya.

Kuhusu watoto, msukumo mkubwa huwa ni kuwapeleka kwenye makao ya kulelea watoto. Moshi na Arusha yako mengi, na wageni wa kujitolea wanayapenda. Yapo yanayofanya kazi njema kwa watoto wasio na mtu kabisa, na kisheria yanapaswa kuwa na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Ila watoto wengi tunaoombwa kuwatafutia nafasi wana mama aliye hai, ambaye tatizo lake ni kodi ya chumba. Fedha ya kumlea mtoto mmoja makaoni ingetosha kumbakiza na mama yake na wadogo zake. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, madaftari na mchango wa chakula. Usharika unaweza kubeba hayo. Mama naye asaidiwe kuingia kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, kabla hajakimbilia mikopo ya kausha damu yenye riba kali. Na watoto wajue wana haki yao: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake.

Mjane ambaye ameshafukuzwa asikate tamaa. Aende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na atafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure. Watamwambia pia afungue shauri mahakama ipi. Aende na mtu wa jumuiya yake, asiende peke yake. Kama kuna mtoto anayepigwa, anayenyimwa chakula au aliyeondolewa kwa nguvu kwa mama yake, piga simu namba 116, haina malipo.