Sataranji ya simuni: tunayoyaamini na yalivyo

Ukipita mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, baada ya Laasiri, barzani utakuta dhumna, keramu na karata, na pale walipo wazee utakuta bao. Sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, huioni. Ipo, lakini imo ndani ya simu: kijana ameegemea ukuta, kidole kinasogeza farasi, mpinzani wake yuko India au Brazil. Mcheza bao akikosea, watu watano waliomzunguka wanamwambia palepale. Huyu wa simuni hana wa kumkosoa. Kwa hivyo dhana potofu zinamkaa miaka na miaka. Baadhi yao nimezibeba mwenyewe na zimenichelewesha sana, ndiyo maana nimeona niziandike kwa ajili ya wale wanaoniuliza kwa nini hawapandi kiwango.

"Ni mchezo wa wenye akili za kuzaliwa"

Hii ndiyo inayowatoa watu mapema kuliko zote. Mtoto anashindwa michezo kumi, anasema mimi hisabati sijui, anafuta programu.

Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alichapisha uchunguzi wake juu ya namna wachezaji wa sataranji wanavyofikiri. Aliwaonyesha ubao, akawataka wafikiri kwa sauti. Akakuta kwamba mabingwa hawakuwa wakihesabu hatua nyingi mbele kupita wachezaji wazuri wa kawaida. Tofauti ilikuwa kwamba hatua nzuri iliwajia mapema. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaendeleza kazi hiyo. Walimwonyesha mtu ubao kwa sekunde 5, wakaufunika, wakamwambia azipange kete upya. Bingwa alizirudisha nyingi, anayeanza alirudisha chache. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila ya kutoka katika mchezo wa kweli, ubora wa bingwa ulikaribia kupotea. Kumbe si kwamba ana kumbukumbu ya ajabu. Ameshayaona maumbo yale mara nyingi mno.

Aliyewahi kukaa karibu na fundi wa bao hili halimshangazi. Fundi hahesabu kete moja moja. Anaangalia mashimo, anajua akianzia hapa atalalia pale. Na michezo hii miwili ni kama ndugu waliogawana urithi kinyumenyume: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Wala jina si geni kwetu. Tumelipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, na asili yake ni Kisanskriti, chaturanga, yaani jeshi la vikosi vinne. Kijana wa Wete, Pemba, anayeushika ubao huu haingii nyumba ya watu.

Basi dawa ya udhaifu huu ni mafumbo: picha ya ubao, utafute hatua ya ushindi. Kumi kwa siku yanatosha, ila usiguse kete mpaka uwe umeuona mwisho. Rudia aina moja mpaka jicho lizoee: farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo, kete isiyoweza kuondoka kwa sababu nyuma yake yuko mfalme, chekimeti (mfalme anashambuliwa na hana pa kuokokea) ya mstari wa nyuma pale mfalme anapozibwa na vitunda vyake mwenyewe, yaani zile kete ndogo za mbele.

"Cheza sana, utapanda tu"

Hapa ndipo nataka nikae, maana hapa ndipo wengi wetu tulipokwama.

Mchezo wa dakika 3 una utamu wake. Unamaliza mmoja, kidole kinabonyeza mwingine kabla hujajua umeshindwa kwa nini. Ukishindwa unataka kulipa kisasi, ukishinda unataka kuongeza. Inafika saa saba usiku umecheza michezo thelathini, na hakuna hata mmoja unaoukumbuka. Katika hiyo thelathini umerudia kosa lilelile labda mara kumi, na kila ukilirudia linazidi kuwa tabia. Kucheza sana bila ya kuangalia nyuma kunakomaza ulichonacho, kizuri na kibaya pamoja.

Mimi nilikaa pale pale kwa muda mrefu, pointi zangu za kiwango zinapanda kidogo na kushuka, nikaamini nimefika kikomo changu. Kilichonifungua ni daftari la skuli. Nilikwenda kwenye historia ya akaunti yangu, nikachukua michezo 20 ya karibuni niliyoshindwa, nikaupitia kila mmoja bila ya mashine, yaani programu inayochambua mchezo. Swali lilikuwa moja: mchezo huu uliniponyoka kwenye hatua ipi, na kwa nini? Nikaandika mstari mmoja kwa kila mchezo.

Nilitegemea kukuta mambo makubwa ya mipango na mikakati. Nilichokikuta ni kete zilizoachwa wazi. Ngome imehama, askofu aliyekuwa akilindwa nayo amebaki peke yake, akaliwa. Malkia ametoka kwenda kutishia, nyuma ameacha mlango. Na mingi ya michezo hiyo nilikuwa mbele kabla ya kosa, kwa hivyo kumbe nguvu nilikuwa nazo. Ufunguzi wangu, yaani hatua za mwanzo, ulikuwa salama, kete zangu zilitoka mapema, mashambulizi niliyajua. Udhaifu ulikuwa kwamba nikiona shambulio langu, naacha kumtazama mwenzangu.

Nakwambia hivi kwa sababu mchezaji wa simuni akiulizwa udhaifu wake husema "nina haraka" au "sina bahati". Hilo halisaidii. Daftari linakupa jibu unaloweza kulifanyia kazi. Mmoja atakuta anashindwa kwa saa: hatua kumi za mwanzo anazifikiria mno, za mwisho anazitupa. Mwingine atakuta anashindwa kila baada ya kushindwa, yaani anacheza na hasira, na huyo dawa yake ni kuweka simu chini akishapoteza miwili mfululizo. Mwingine anafika mwisho wa mchezo akiwa na kitunda zaidi, kisha hajui la kufanya nacho.

Kwa tatizo langu dawa ilikuwa maswali matatu kabla ya kila hatua: mwenzangu ana cheki gani (shambulio kwa mfalme wangu), anaweza kula nini, na hatua aliyocheza sasa hivi inatishia nini? Katika dakika 3 huna nafasi ya kuuliza hayo. Ndiyo sababu nahimiza mchezo wa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Hata ukifika hatua 40, kwa watu wawili hauzidi dakika 44. Baina ya Laasiri na Magharibi unaingia mmoja pamoja na kuupitia, na bado unapata kahawa. Mchezo mmoja wa namna hiyo naupa thamani kuliko ile thelathini ya usiku.

"Kwanza kariri mifunguzi"

Vijana wengi wanaanzia hapa kwa sababu ya video. Anakariri hatua kumi na mbili, mpinzani anacheza nyingine kwenye hatua ya nne, na yote aliyokariri hayana kazi.

Kwa anayeanza na wa kati, yanatosha machache: shika katikati ya ubao, toa farasi na maaskofu, mpeleke mfalme mahali pa usalama, usimtoe malkia mapema. Jifunze pia kuikinga ile chekimeti ya hatua nne, maana mtandaoni utakutana nayo. Malkia na askofu wanakilenga kitunda kilicho mbele ya askofu wa upande wa mfalme wako, ambacho mlinzi wake ni mfalme peke yake. Malkia akikaa pembeni na askofu akielekea hapo, sogeza kitunda cha mbele ya farasi hatua moja umzibe malkia njia. Akirudi kulenga palepale kwa mstari ulionyooka, toa farasi asimame kati. Umeshamzidi wakati.

Muda unaobaki upeleke mwisho wa mchezo. Huko ndiko mchezaji wa simuni alikopwaya zaidi, kwa kuwa michezo ya haraka huishia kabla. Kuna watu wana pointi 1300 na bado wakiwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu wanamfungia mfalme asiye na cheki akose pa kwenda, ikawa sare. Na liko jambo moja dogo lililonipa ushindi mwingi: mwenzako akibaki na mfalme mtupu, mfalme wako akitangulia mbele ya kitunda chake na kufika mstari wa sita kutoka upande wako, umeshinda, zamu iwe ya nani, isipokuwa kitunda hicho kiwe cha ukingoni. Kulielewa ni kazi ya nusu saa ukiwa na ubao.

"Pointi zangu ndizo kipimo changu"

Pointi zinapima matokeo yako ndani ya kundi unalocheza nalo, basi. Akaunti mpya ya Lichess, mojawapo ya tovuti za kuchezea sataranji, inaanzia 1500, na kwenye orodha ya shirikisho la dunia, FIDE, tangu Machi 2024 hakuna pointi chini ya 1400. Namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Hesabu aliyoiasisi Arpad Elo, iliyopokewa na FIDE mwaka 1970, inasema mtu aliyekuzidi pointi 200 anategemewa kupata takriban 76 katika kila alama 100. Maana yake wewe wa chini unabaki na karibu robo. Ukimshinda si muujiza, na aliye chini yako akikushinda si msiba.

Na yule anayesema kila anayemshinda anatumia mashine? Wadanganyifu wapo, na akaunti zao hufungwa. Lakini fungua mchezo wenyewe kabla ya kulalamika. Mara nyingi utakuta kete yako ilikuwa wazi.

"Mashine itanifundisha"

Stockfish, mojawapo ya mashine hizo, ni ya bure na ina nguvu kupita binadamu yeyote. Inakwambia hatua ipi ni bora. Haikwambii wewe ulikuwa ukifikiri nini ulipoikosa, na hilo ndilo lenye mafunzo. Ukiifungua mara tu mchezo unapoisha, unasoma asilimia ya usahihi, unatikisa kichwa, umesahau. Andika kwanza maoni yako kwenye daftari, kisha ifungue uone wapi mmekhitilafiana. Pale mlipokhitilafiana ndipo pa kukaa.

"Ni ya wanaume"

Hii inaniuma kwa sababu barza zetu zimeijenga. Msichana hakai barzani Jaws Corner kujifunza kwa kutazama, kwa hivyo tukamwona hawezi. Judit Polgár wa Hungaria alipata daraja la ubingwa mkuu mwaka 1991 akiwa na miaka 15, mdogo kuliko yeyote aliyemtangulia, Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia, akiwemo. Akaingia kumi bora wa dunia, wanaume kwa wanawake, na mwaka 2002 akamshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, katika mchezo wa kasi. Simuni mpinzani haoni mtandio wala kanzu. Mwenye binti nyumbani anayeuliza uliza, ampe dakika 15 na daftari.

"Bila intaneti nzuri haiwezekani"

Kupotea mtandao katikati ya mchezo wa dakika 3 ni kushindwa, na wa Pemba na Unguja tunalijua hilo. Lakini sataranji haili bando kama video, kinachosafiri ni hatua tu. Mchezo mrefu wenye nyongeza unakupa nafasi ya kurudi. Zipo pia programu zinazocheza na wewe na kuhifadhi mafumbo bila ya mtandao.

Na umeme ukikatika kabisa, ubao wa mbao hauna haja ya chaji. Mimi huutoa nje kwenye barza, nikafungua daftari kwenye mchezo niliopoteza wiki ile, nikazipanga kete mpaka ile hatua ya kosa. Watoto wanasogea kuuliza yule farasi alikwenda wapi, na mzee mmoja wa bao alikaa akatazama kimya, kisha akanyoosha kidole kwenye ngome yangu isiyolindwa.