Joto la Chumba Linalosemwa Si la Chumba cha Dar es Salaam

Jumamosi moja ya Januari, usiku ambao upepo wa kaskazi ulikuwa umegoma kabisa na vitambaa vya meza vikinata mikononi mwa wageni, nilipeleka mezani chupa ya mvinyo mwekundu niliyokuwa nimeizamisha katika ndoo ya barafu kwa dakika 12. Mgeni wangu, mzee mwenye heshima zake ambaye hula kwetu karibu kila mwezi, aliigusa kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa, akaniambia, “Kijana wangu, mwekundu hautiwi barafu. Niletee ile iliyoko pale kabatini.” Nikamwomba, “Uonje kwanza kidogo, mzee wangu, kisha nitafanya utakavyo.” Hakutaka. Kabati alilonionyesha limepakana na ukuta wa jikoni, na kipimajoto nilichokiweka humo kilikuwa kinasoma nyuzi 29. Mgeni ni mgeni; alipewa alichoomba, akanywa nusu glasi, akaisukuma kando na kuagiza bia.

Kauli hiyo nimeisikia tangu siku ya kwanza nilipoanza kuhudumia mvinyo. Huitoa watu waliosoma, waliosafiri na wanaopenda mvinyo kwa dhati: mweupe kwenye friji, mwekundu kwa joto la chumba, na joto likizidi mjini basi mwekundu tuuweke kando mpaka masika yaje. Kila kipande cha kauli hii kina kasoro, lakini chenye madhara zaidi ni hicho cha “joto la chumba”.

Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya kaskazini, tena cha zamani, kabla nyumba hazijawekewa mitambo ya kupasha joto. Wafaransa wana neno lao, “chambrer”, yaani kuitoa chupa katika ghala la chini ya ardhi, ambako joto hukaa karibu na nyuzi 11 au 12, na kuipandisha chumbani ikapate joto kidogo kabla ya chakula. Chumba chenyewe, katika jumba la mawe lenye kuta nene, kilikuwa na nyuzi 16 au 18, na waliokaa humo walivaa sufu. Kanuni ile, kwa hiyo, ilihusu kuipasha chupa iliyotoka kwenye baridi, na mwisho wa kuipasha ulikuwa nyuzi 18. Sisi tumeyachukua maneno tukaacha kipimo. Dar es Salaam ya Januari na Februari hufika nyuzi 32 mchana na usiku haishuki sana chini ya 25, hivyo kuipa chupa “joto la chumba” hapa ni kuipeleka mbali na kile hasa ambacho kanuni ilikusudia. Anayetaka kuifuata kanuni hiyo kwa uaminifu katika pwani yetu hana budi kuupoza mwekundu.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya glasi, kwa sababu wengi hudhani haya ni madoido ya wahudumu. Mvinyo unapopata joto, kileo chake huruka kwa wingi zaidi na kutangulia puani kabla ya harufu nyingine yoyote. Mvinyo wenye kileo cha asilimia 14, ukiwa na nyuzi 28, hunuka kama spiriti ya hospitalini. Tunda limo humo humo, lakini limefunikwa. Wakati huohuo uchachu, ambao ndio uti wa mgongo wa mvinyo, hulegea ulimini, na utamu hujitokeza zaidi, kwa hiyo kinywaji huwa kizito na kichovu. Ukiupoza kupita kiasi hutokea kinyume chake: harufu hufungika, uchachu hukaza, na tanini, ule ukakasi unaokausha ufizi kama bibo bichi, huwa mkali kiasi cha kuudhi. Kati ya mipaka hiyo miwili ipo nafasi ambayo kila mvinyo hukaa vizuri, na kazi yangu kubwa katika miezi ya kaskazi ni kuutafutia kila mvinyo nafasi yake.

Wahudumu wapya huwa siwahutubii juu ya jambo hili. Nafungua chupa moja nyekundu iliyokaa rafuni, namimina glasi mbili, moja naiacha mezani na nyingine naizungushia barafu kwa nje mpaka ifike nyuzi 14. Kisha nawafunga macho na kuwanusisha. Karibu wote husema ni chupa mbili tofauti, na wengi husema ile baridi ndiyo ya bei ghali. Baada ya hapo sihitaji kuongeza neno.

Si kila mwekundu hufaa kupozwa kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo wale waliokwisha kukubali hoja yangu hukosea kwa upande wa pili. Ile mivinyo mizito, yenye tanini nyingi na iliyolala muda mrefu katika mapipa ya mwaloni, Cabernet Sauvignon iliyokolea kwa mfano, ukiishusha hadi nyuzi 12 hugeuka kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Hiyo inataka 16 au 17, si chini ya hapo. Na kusema kweli, usiku wa nyuzi 27 wenye unyevu wa bahari siipendekezi hata kwa joto lake sahihi, kwa sababu mwili wenyewe hauitaki. Kaa nayo hadi Julai, au ipeleke Njombe.

Mwekundu wa majira ya joto ni ule mwepesi, wenye tanini chache, uchachu ulio hai na kileo cha asilimia 12 au 13. Gamay, zabibu ya Beaujolais huko Ufaransa, ndiyo mfano unaojulikana zaidi, na watu wa Lyon, walio jirani na mashamba yake, huinywa ikiwa ya baridi kidogo, kutoka katika chupa ndogo ya mililita 460 yenye kitako kinene cha kioo. Sisilia kuna Frappato. Kaskazini mwa Italia, karibu na milima ya Alpi, kuna Schiava, ambayo ni nyekundu kiasi cha kupitisha mwanga. Afrika Kusini kuna Cinsault, ambayo kwetu ndiyo rahisi zaidi kupatikana kati ya hizi. Zote hizo zitie nyuzi 12 hadi 14, uzinywe na samaki wa kuchoma, uniambie kama bado unaamini kwamba samaki na mwekundu hawapatani.

Kisha kuna wa kwetu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mzabibu wake huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena mnamo Agosti na Septemba, jambo ambalo mkulima wa Ulaya haliwezi, kwa kuwa mzabibu wake hulala wakati wote wa baridi. Zabibu nyekundu ya Makutupora nimeihudumia kwa namna zote, na msimamo wangu ni kwamba ile kavu, isiyotiwa sukari, ikipozwa hadi nyuzi 14 hukaa na nyama ya mbuzi ya kuchoma vizuri kuliko chupa nyingi zilizovuka bahari kwa bei mara tatu. Ikihudumiwa kwa nyuzi 29 hukwaruza koo, na nadhani hapo ndipo ilipopata sifa mbaya: kwenye makabati yetu, wala si shambani Hombolo. Huwa najiuliza kama mapenzi ya nyumbani hayanipotoshi katika hukumu hii, ndiyo maana kila mwaka huirudia kuionja nikiwa nimefungwa macho pamoja na nyingine. Mpaka sasa sijaibadili.

Mweupe nitaupitia haraka, kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba unafaa kwa joto. Ninacholalamikia ni friji. Friji huwa na nyuzi 4 hivi, na mweupe uliolala humo usiku kucha huwa hauna harufu wala ladha, una ubaridi tu. Aliyelipia Chenin Blanc nzuri ya Dodoma au ya Stellenbosch, Afrika Kusini, na kuinywa hivyo amelipia ubaridi ambao maji yangempa bure. Itoe dakika 20 au 25 kabla ya kula. Ile miepesi yenye uchachu mwingi, kama Vinho Verde ya Ureno, Albariño ya pwani ya Galicia huko Hispania au Assyrtiko ya kisiwa cha Santorini, hukaa vizuri kwa nyuzi 8 hadi 10. Ile minene iliyopita katika mwaloni inataka 12, yaani karibu sawa na Gamay niliyoitaja. Ndiyo kusema kwamba mweupe mmoja na mwekundu mmoja vinaweza kukaa ndoo moja usiku mmoja. Rangi haikuwa kipimo tangu mwanzo.

Roze, ule mvinyo wa rangi ya waridi, nayo ina mzigo wake wa maneno. Mwanaume akiiagiza mezani kwetu, wenzake humtazama. Provence, kusini mwa Ufaransa, ambako jua la kiangazi si la mchezo, roze ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mvinyo wote unaozalishwa, na iliyo kavu haina utamu wowote wa kumwonea mtu haya. Iagizeni.

Anayetaka kujua watu wa joto hunywa nini aitazame Andalusia, kusini mwa Hispania. Sevilla ya Julai huvuka nyuzi 40 siku nyingine bila kushangaza mtu, na watu wake hawajaacha mvinyo. Kutoka Sanlúcar de Barrameda hupata manzanilla, mvinyo mweupe mkavu unaokomaa chini ya utando wa hamira, wenye ladha inayokaribia chumvi ya bahari. Hunywewa ukiwa baridi sana, katika glasi ndogo, kwa kamba na zeituni. Kileo chake ni asilimia 15, na udogo wa glasi una sababu. Kisha wana “tinto de verano”, maana yake mwekundu wa kiangazi: mvinyo mwekundu wa kawaida, soda ya limau na barafu nyingi. Jina lenyewe linamjibu mzee wangu.

Chakula chetu kina jambo moja la kuzingatia, nalo ni pilipili. Kileo huchochea mwasho wake na tanini huongeza ukali, ndiyo maana mwekundu mzito na kamba wa pilipili ni mateso. Hapo natafuta kileo kidogo na utamu wa mbali. Riesling, mvinyo mweupe wa Mosel huko Ujerumani, ya daraja jepesi la Kabinett, mara nyingi ina asilimia 8 au 9 tu, uchachu wa kutosha kukata tui la nazi, na sukari kidogo ya kuutuliza ulimi. Ni chupa ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo wageni wanayoikataa zaidi, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mvinyo mtamu ni wa wasiojua.

Kuhusu namna ya kupoza: barafu peke yake katika ndoo ni kazi bure, kwa sababu vipande huigusa chupa hapa na pale na nafasi iliyobaki hujaa hewa. Jaza barafu nusu na maji nusu, tia chumvi ya mkono mmoja, zamisha chupa mpaka shingoni. Mwekundu wa nyuzi 29 hufika 15 kwa muda wa robo saa. Kwenye friji ungesubiri zaidi ya saa nzima. Mimina kidogo kidogo na ushike glasi kwa mguu wake, kwa maana nimepima: mvinyo uliomiminwa na nyuzi 13 kwenye baraza yetu hufika 18 ndani ya robo saa. Kwa hiyo mimina ukiwa baridi kidogo kuliko unavyoutaka, mengine yatafanywa na hewa.

Linaloniuma kuliko yote hutokea kabla chupa haijafika mezani. Mvinyo ulioshinda ndani ya buti ya gari juani hauponi kwa barafu. Tazama kizibo: kikiwa kimejitokeza milimita mbili juu ya mdomo wa chupa, au ukiona michirizi inayonata chini ya lile bati la shingoni, ujue mvinyo umetanuka kwa joto na kujaribu kutoka. Ndani yake utanusa tunda lililopikwa, kama jemu iliyoshika sufuria. Wapo walimu wanaosema dalili hizo haziachi shaka. Mimi nimefungua chupa yenye kizibo kilichotokeza, ikawa nzima kabisa, na nyingine yenye kizibo safi nikaikuta imekufa. Kwa hiyo naonja kila moja kabla ya kuimimina, hata mgeni akiharakisha.

Na barafu ndani ya glasi? Kwa miaka mingi niliikataa, kwa kuwa huyeyuka na kuupunguza mvinyo ladha, na kwa mvinyo mzuri bado nahisi uchungu nikiiona. Lakini kuna mama mmoja anayekuja na wajukuu zake siku za Jumapili, huomba roze kavu na vipande viwili vya barafu, na glasi kubwa ya maji pembeni. Hunywa polepole, katika joto lililowachosha vijana wote mezani, na huondoka na nguvu zake. Siku hizi, nikimwona anashuka kwenye gari, namwambia kijana wa kaunta aandae vipande viwili.