"Mwalimu, Haikuzimika, Sina cha Kutuma": Dhana Potofu Kuhusu Asteroidi Kupita Mbele ya Nyota

Ujumbe huu nimeupokea mara nyingi mno sasa, na karibu kila mara unatoka kwa mtu aliyefanya kazi yake vizuri: "Mwalimu, nilikesha, nyota ilikuwepo mwanzo hadi mwisho, haikuzimika. Kwa hiyo sina cha kutuma." Wengine huongeza kwamba utabiri ulikuwa wa uongo. Wengine hawaandiki kabisa. Wanafunga darubini, wanalala, nami nabaki na pengo kwenye ramani. Nafundisha fizikia hapa Tabora, na usiku naratibu watazamaji wachache wa Tabora na Kigoma wanaofuatilia asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua, zinapopita mbele ya nyota na kuizima kwa muda mfupi. Dhana hii ndiyo inayotupotezea taarifa kuliko zote, kwa hiyo naanza nayo, na sitaiacha haraka.

Dhana: "Kama nyota haikuzimika, usiku umepotea."

Haujapotea hata kidogo. Asteroidi inapokatiza mbele ya nyota, kivuli chake hupita juu ya ardhi. Nyota iko mbali mno, miale yake inatufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli kina upana uleule wa jiwe lenyewe. Jiwe la kilomita 40 lina kivuli cha kilomita 40. Aliye ndani ya kivuli anaona nyota ikizimika kwa sekunde chache, aliye nje haoni badiliko lolote. Kila mtazamaji anapima mstari mmoja tu unaokatiza umbo la jiwe. Waliozimikiwa wanatuonyesha jiwe lilipo, na wasiozimikiwa wanatuonyesha lilipoishia.

Tuseme kivuli cha kilomita 40 kinatarajiwa kupita katikati ya Tabora mjini, kikitoka mashariki kwenda magharibi kwa kasi ya kilomita 15 kwa sekunde. Mtazamaji wa mjini anapata nyota imezimika sekunde 2.7. Mwenzake aliye kilomita 12 kusini, upande wa Sikonge, anapata sekunde 2.1. Zidisha kwa kasi: mstari wa kwanza una urefu wa kilomita 40, wa pili kilomita 32. Hadi hapo unaweza kuchora duara safi, lakini unaweza pia kuchora jiwe refu lililonyooka kuelekea kaskazini kilomita nyingi zaidi, na vipimo vyote viwili vitakubali. Sasa yuko mtu wa tatu, kilomita 25 kaskazini kwenye barabara ya Nzega, ambaye nyota yake haikutikisika. Huyo ndiye anayefunga mchoro. Kwa taarifa yake tunajua jiwe halikufika kilomita 25 upande huo. Asipotuma, sijui kama hakuona kitu, kama wingu lilimziba, au kama usingizi ulimshinda, na mchoro wangu unabaki wazi upande wa kaskazini.

Na huyo aliye mbali zaidi, Nzega kwenyewe, asidhani hana kazi. Baadhi ya asteroidi zina miezi yake midogo, na vitu vingine vya mbali vina pete. Pete za Chariklo, mojawapo ya vitu hivyo vya mbali, ziligunduliwa kwa njia hii hii, Juni 3, 2013, baada ya watazamaji wa Amerika Kusini kuona nyota ikififia kwa muda mfupi sana kabla na baada ya kuzimika kwenyewe. Mtu aliye nje ya ukanda kivuli kinamopita ndiye anayeweza kunasa jambo kama hilo. Asiponasa, amethibitisha kwamba kwenye mstari wake hakukuwa na kitu.

Anayebisha asome habari za Arrokoth, jiwe lililo mbali kuliko Pluto, zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka kwetu. NASA ilihitaji kujua ukubwa na mahali pake kabla chombo cha New Horizons hakijalifikia. Juni 3, 2017 timu zilipangwa Afrika Kusini na Argentina na darubini zaidi ya 20. Hakuna hata moja iliyonasa nyota ikizimika. Wataalamu hawakufunga vitabu. Walitumia kule kutoonekana, pamoja na vipimo vya darubini ya angani Hubble na vya Gaia, chombo kilichopima mahali pa nyota, kurekebisha hesabu zao. Julai 17 mwaka uleule, huko Argentina, darubini tano zilikaa ndani ya kivuli, na umbo lililochorwa likaonekana kama mawe mawili yaliyogusana. Agosti 4, 2018 timu nyingine zilikwenda Senegal na Colombia kuongeza vipimo. Januari 1, 2019 chombo kikapita karibu na kupiga picha: mawe mawili yaliyogusana, urefu wake kama kilomita 36. Usiku wa Juni 2017 ulikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Ila nisieleweke vibaya. "Haikuzimika" ina thamani pale tu unapokuwa na uhakika. Yako majibu matatu, na watu wanayachanganya. La kwanza: nyota niliyotakiwa kuiangalia niliiona wakati wote, haikuzimika. La pili: wingu lilipita, sikuona. La tatu: sina hakika kama nilikuwa kwenye nyota yenyewe. Jibu la kwanza ni kipimo. La pili na la tatu si vipimo, lakini yaandike yalivyo, usiyageuze kuwa la kwanza ili upendeze. Mtu akiandika "haikuzimika" huku alikuwa anaangalia nyota jirani, ameweka uongo katikati ya umbo la jiwe. Ndiyo maana nasisitiza mpaka nachosha: weka nyota nyingine jirani ndani ya picha ileile ya video. Zikififia zote mbili, hilo ni wingu. Ikififia moja tu, hapo kuna jambo. Na kabla ya usiku wenyewe, toka nje siku moja au mbili mapema ukaitafute nyota hiyo kwa ramani, uizoee na majirani zake.

Taarifa yenyewe haina urefu. Mahali ulipokuwa kwa latitudo na longitudo kutoka GPS, si "karibu na stesheni". Saa uliyoanza na saa uliyomaliza kuangalia. Hali ya anga. Kifaa ulichotumia. Ilizimika au haikuzimika. Mistari mitano.

Dhana: "Utabiri ulikuwa wa uongo."

Hili ni ndugu wa lile la kwanza. Watu wanasikia neno utabiri wanawaza mnajimu wa redioni na nyota za kuzaliwa. Hapa tunazungumzia hesabu ya mizunguko, na hesabu yoyote ya kweli inatangaza kosa lake. Tangu Shirika la Anga la Ulaya lirushe chombo cha Gaia Desemba 2013, mahali pa nyota panajulikana kwa usahihi ambao zamani haukuwaziwa. Kosa la sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao (kipimo cha pembe; digrii moja ina sekunde 3,600), kwa jiwe lililo mbali mara mbili ya umbali wa dunia na jua, ni kama kilomita moja na nusu tu hapa ardhini. Ila mzunguko wa asteroidi ndogo haujulikani kwa kiwango hicho, kwa hiyo ukanda unaweza kusogea kilomita kadhaa kaskazini au kusini. Ramani huonyesha mstari wa kati, kingo mbili, na nje yake mistari ya shaka. Aliye kwenye mistari ya shaka ameambiwa mapema kwamba huenda isizimike. Na ramani ya mwezi uliopita usiitumie. Hesabu huboreshwa hadi siku chache kabla, kwa hiyo ichukue upya.

Dhana: "Ikionekana Dar, na Kigoma itaonekana."

Chanzo ni kuizoea habari ya kupatwa kwa mwezi, ambako nchi nzima inatazama kitu kimoja. Hata jua halifanyi hivyo: Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likiwa kama pete, wakati sisi wa Tabora tuliona jua limemegwa tu. Kwa asteroidi ukanda ni mwembamba zaidi, mara nyingi makumi ya kilomita. Kikienda kutoka mashariki hadi magharibi kwa kilomita 15 kwa sekunde, kivuli kinamaliza safari ya Dar mpaka Ujiji kwa dakika moja na kidogo, na mtu aliye Kasulu anaweza asipate chochote.

Dhana: "Hizi ni kazi za wenye darubini kubwa."

Hili huwa silijibu kwa upole. Jiwe la kilomita 40 lililo mbali mara mbili ya jua ni dogo kiasi kwamba hata Hubble haiwezi kulitofautisha na nukta. Umbo lake linapimwa kwa watu wengi wenye darubini ndogo waliotawanyika, kwa sababu darubini moja kubwa inakaa mahali pamoja na kupima mstari mmoja. Nyota ikiwa angavu, hata darubini ya macho mawili iliyofungwa kwenye stendi imara inatosha.

Wasio na mota ya kufuata nyota wasikate tamaa, maana njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kwao. Tafuta nyota angavu yenye deklinesheni (umbali wa kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga) ileile na nyota yako, inayotangulia kwa saa moja au mbili. Ielekeze darubini kwenye hiyo angavu kwa wakati uliokokotolewa, kaza kila skrubu, kisha usiiguse tena. Dunia inazunguka, na nyota yako itaingia yenyewe kwenye picha kwa wakati wake. Atakayeipiga teke stendi gizani ajue ameharibu, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali.

Dhana: "Saa ya simu inatosha."

Haitoshi. Saa ya simu inaweza kupishana na saa ya kweli kwa sekunde nzima au zaidi, na sekunde moja ya kivuli chetu ni kilomita 15. Jicho na kidole navyo huchelewa kama theluthi moja ya sekunde, yaani kilomita tano. Video ya fremu 25 kwa sekunde inakufikisha kwenye sita ya kumi ya kilomita, mradi muda wake unatoka kwenye satelaiti za GPS na si kwenye mnara wa simu.

Tukiwa kwenye saa, kuna kosa ambalo ni letu sisi. Taarifa za kimataifa huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiona 22:30 ya tarehe 5, kwetu ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 6. Watu wamekesha usiku usio wao kwa sababu hii, tena watu makini. Fanya jumla kwenye karatasi, andika "kuamkia tarehe", mpe na mwenzako asome.

Dhana: "Kigoma haiwezekani, taa za wavuvi zinaharibu anga."

Karabai na taa za mitumbwi ya dagaa zinamulika maji. Nyota moja iliyo juu angani haina habari nazo, ilimradi usiielekeze darubini kwenye upeo wa ziwa. Adui wetu wa kweli ni moshi wa kuchoma mapori Agosti na Septemba, ambao ni tatizo la Tabora vilevile, na mawingu ya masika.

Dhana: "Asteroidi ikipita mbele ya nyota, ni dalili ya kimondo kuanguka."

Nyingi tunazoziangalia ziko kati ya Mars na Jupita na hazitusogelei. Zilizo karibu ndizo zinazofuatiliwa zaidi, na njia yetu hii husaidia. Mwaka 2021 asteroidi Apophis ilinaswa ikifunika nyota, vipimo vikaongeza usahihi wa mzunguko wake, na mwaka huohuo vipimo vya rada viliondoa hofu ya kugongwa nayo kwa angalau miaka 100. Itapita kama kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia Aprili 13, 2029, chini ya satelaiti za televisheni, na kwa sisi wa Afrika itaonekana bila darubini kama mawingu yataruhusu. Kwa saa zetu, itakuwa karibu kuliko wakati wote kati ya saa sita na saa saba usiku, kuamkia Jumamosi tarehe 14.