Kila mafuta na kipimo chake cha kostiki

Akina mama wanaotengeneza sabuni huku Kisauni na Likoni huniuliza swali moja kuliko mengine yote: "Mbona sabuni yangu yawasha, na vipimo ni vilevile alivyonipa mwenzangu?" Nikidadisi mafuta waliyotumia, jibu huwa ni lilelile. Mwenzake alitia ya nazi. Yeye aliona bei ya nazi imepanda, akatia ya alizeti. Kostiki hakuigusa. Kisa chote kiko hapo, na natamani kila anayeshika ndoo ya sabuni akielewe kabla hajafungua kopo.

Mafuta yetu, yawe ya nazi, mawese, simsim au alizeti, yameundwa kwa mtindo mmoja. Kila molekuli ina gliserini katikati, na juu yake zimeshikamana asidi tatu za mafuta. Kostiki soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ikishayeyuka majini na kukutana na mafuta, huvikata viungo hivyo kimoja baada ya kingine. Kila asidi inayobanduka huchukua sodiamu na kuwa sabuni. Gliserini hubaki humohumo ndani ya mche, na ni mali: ndiyo inayoifanya ngozi isikauke. Kwa hiyo molekuli moja ya mafuta yadai molekuli tatu za kostiki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeyachambua mafuta hivi, akachapisha kazi yake mwaka 1823. Kabla yake watu walipika sabuni kwa karne nyingi bila kujua ndani ya chungu kunatokea nini.

Sasa, kama kila molekuli yadai tatu, kwa nini vipimo vitofautiane? Kwa sababu molekuli hazina uzito mmoja. Karibu nusu ya asidi za nazi ni asidi ya lauriki, yenye atomu 12 za kaboni. Za alizeti karibu zote zina atomu 18. Kilo ya dagaa ina vichwa vingi kuliko kilo ya changu, na kostiki huhesabu vichwa. Kilo moja ya mafuta ya nazi yataka takriban gramu 183 za kostiki, mawese 141, alizeti na simsim 134 hivi, mbarika 128. Yule mama aliyetia gramu 183 kwenye kilo ya alizeti aliacha karibu gramu 49 za kostiki zisizo na cha kukata. Hizo ndizo zinazomla mikono.

Mimi hupunguza asilimia 5 ya kostiki makusudi, ili mafuta kidogo yabaki. Kwa kilo ya nazi, basi, ni gramu 174. Na kipimo ni kwa mizani ya gramu. Kikombe na kijiko havifai kazi hii.

Hata mizani yaweza kukudanganya katika hewa yetu ya pwani. Weka punje chache za kostiki kwenye kisahani cha plastiki karibu na dirisha, uzitazame bila kuzigusa. Baada ya muda mfupi zitaanza kung'aa, kisha zitashikana, kisha zitaogelea katika maji ziliyoyavuta zenyewe hewani. Wakati huohuo zinanyonya kaboni dioksaidi na kugeuka polepole kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo magadi yanayochakatwa kule Ziwa Magadi. Magadi yana nguvu ya kusafisha, lakini hayakati mafuta kama kostiki. Ukipima gramu 174 kutoka kopo lililokaa wazi, sehemu ni maji na sehemu ni magadi, na sabuni itatoka laini, yenye mafuta mafuta. Nunua kiasi cha kutumia, ufunge kifuniko kila mara.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hazifai kabisa. Kostiki huila alumini mbele ya macho yako: maji hutibuka, hugeuka kijivu, na hewa ya haidrojeni, inayoshika moto, hutoka. Tumia chuma cha pua au ndoo ya plastiki nzito inayostahimili joto. Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, na utie kostiki kwenye maji baridi, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kukurukia usoni. Ikikupata, suuza kwa maji mengi mfululizo; si wakati wa kutafuta siki.

Lipo jambo la maji ya visima, nalo ndilo linalonifanya niitetee nazi. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yana kalsiamu, na mengi yana chumvi. Kalsiamu huitoa sodiamu kwenye sabuni, na sabuni ya kalsiamu haiyeyuki: huo ndio utando unaoganda pembeni mwa beseni. Chumvi nayo huisukuma sabuni itoke majini. Sabuni ya minyororo mirefu ya kaboni, kama ile ya alizeti yenye atomu 18, hushindwa mapema, povu likakataa. Ya nazi haiponi na kalsiamu, lakini minyororo yake mifupi huyeyuka kwa urahisi zaidi, hivyo hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Mabaharia waliitumia kwa sababu hiyo.

Ubaya wake ni kuwa nazi tupu hukausha ngozi. Ndiyo maana nachanganya. Chukua gramu 600 za nazi na 400 za alizeti. Nazi yadai 600 mara 0.183, yaani 109.8, alizeti 400 mara 0.134, yaani 53.6. Jumla 163.4. Toa asilimia 5, inabaki 155. Maji ni mara mbili ya kostiki, gramu 310. Koroga mpaka uji uwe mzito na mwiko uache alama juu yake, mimina, kata kesho yake, kisha anika kivulini penye upepo kwa wiki nne au zaidi. Siku za unyevu mwingi mche utatoa matone juu. Ni gliserini inayovuta maji ya hewani, na haina madhara.