Bwawa kukomaa: maana yake kwa anayefuga samaki wa dhahabu

Mkungu wa ndizi uliokomaa bado ni wa kijani. Asiyejua shamba ataupita tu, akidhani ni sawa na ule uliotoka mwezi jana. Mkulima yeye anatazama jinsi ndizi zilivyojaa, anajua, anakata. Bwawa la samaki nalo lina kukomaa kwake, na kwa macho halitambuliki kirahisi: maji ya bwawa changa yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa, na samaki wakafia humo ndani ya wiki moja.

Bwawa limekomaa pale bakteria wanaoishi kwenye mawe, kuta na chujio wanapokuwa wengi kiasi cha kugeuza sumu yote wanayoitoa samaki kwa siku, siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo una shimo lenye maji. Natamani kila anayechimba kidimbwi nyuma ya nyumba alijue jambo hili kabla hajaulizia bei ya samaki, kwa sababu samaki wengi wa dhahabu ninaoona wakifa hawakuambukizwa ugonjwa wowote. Waliwekwa mapema.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki akishakula, naitrojeni ya kwenye protini hutoka mwilini mwake ikiwa amonia, na sehemu kubwa wala haitoki na kinyesi. Inatokea kwenye matamvua, usiku na mchana. Mtoni ingechukuliwa na mkondo. Kwenye bwawa la mita 2 kwa 1 lenye kina cha nusu mita, yaani lita 1,000, haina pa kwenda. Wafugaji hukadiria kwamba asilimia 3 hivi ya uzito wa chakula hugeuka naitrojeni ya amonia. Ukiwapa gramu 10 kwa siku, umetia gramu 0.3, sawa na miligramu 0.3 kwa kila lita ya maji. Siku ya tatu unakaribia miligramu 1, na samaki hujawaongeza wala chakula hujakizidisha.

Miligramu hiyo moja, hata hivyo, haina ukali uleule kila mahali. Amonia ndani ya maji ina sura mbili, moja kali na moja ya upole, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni joto pamoja na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali). Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH ya 7, sehemu iliyo kali haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 8, inakuwa asilimia 5 na kidogo. Ikifika 9, zaidi ya theluthi nzima ni sumu. Ndiyo maana bwawa jipya la saruji linaua haraka sana. Saruji mbichi hutoa chokaa, chokaa hupandisha pH, na amonia ambayo ingevumilika inaanza kuunguza matamvua. Fundi akishamaliza kupiga plasta, jaza maji, yaache siku kadhaa, yamwage, jaza tena. Rudia hadi pH ikae karibu na 8 au chini yake bila kupanda tena. Inachosha, na bili ya maji inauma, lakini hapa sijaona njia ya mkato.

Turudi kwa bakteria. Kundi la kwanza, ambalo Nitrosomonas ndiyo maarufu, linakula amonia na kuiacha ikiwa nitriti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, linaichukua nitriti na kuiacha ikiwa nitrati. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1890, kwamba kazi hii ina hatua mbili zenye wafanyakazi tofauti. Kwa mwenye bwawa, utofauti huo una maana kubwa. Kundi la pili haliwezi kuongezeka mpaka la kwanza lianze kulipatia chakula, kwa hiyo amonia ikishuka, usishangilie. Nitriti ndiyo kwanza inapanda.

Nitriti inaua kwa namna yake. Inaingia kwenye damu kupitia matamvua na kuibadili hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, damu ikawa ya rangi ya kahawia. Unawaona samaki wamepanda juu wanahema, midomo wazi, ilhali pampu inarusha maji vizuri na oksijeni ipo tele. Hapo chumvi inasaidia. Kilo 1 ya chumvi ya kawaida kwa lita 1,000, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumiminwa taratibu, huizuia nitriti kuingia kwenye matamvua, kwa sababu kloridi ya chumvi inapita mlango uleule na kuwahi. Chumvi haiondoi nitriti. Inakupa muda wa kubadilisha maji.

Bakteria hawa hawana pupa. Bakteria wa kwenye chakula kilicholala wanaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Hawa huchukua saa nyingi, mara nyingine siku nzima na zaidi. Kwa hiyo bwawa huchukua kama wiki nne hadi sita kukomaa, na kwenye miinuko yenye baridi, kama Iringa au Limuru, linaweza kuchukua zaidi.

Tena hawaelei majini. Wanajishika. Ule ukoga unaolifanya jiwe liteleze mkononi, ule unaoukirihi na kutamani kuusugua kwa brashi, ndiyo nyumba yao. Niliwahi kuumaliza wote kwa siku moja. Ilikuwa mkesha wa sikukuu, wageni wanakuja, nikatoa maji yote, nikasugua kuta, nikakosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba mpaka ikarudi rangi ya dukani. Bwawa lilipendeza mno. Siku ya tatu samaki wawili walikuwa wamelala ubavu, na wa tatu, jike kubwa nililokuwa nalo kwa miaka minne, alikufa nikimtazama. Bwawa la miaka minne nilikuwa nimelirudisha kuwa changa kwa saa mbili, na idadi ya samaki ilikuwa ileile ya bwawa kongwe. Tangu hapo sponji naikamua ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe, nusu leo, nusu baada ya wiki mbili, na mawe nayaacha na ukoga wao.

Maji ya bomba yanaharibu kwa sababu ya klorini. Imewekwa ili kuua vijidudu, na haichagui. Ukiyaacha maji kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, klorini ya kawaida hutoka yenyewe. Pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii, itabidi ununue dawa ya kuiondoa. Anayetumia kisima hana shida hiyo, ila visima vingi vya pwani vina chumvi, basi onja kwanza.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii uzito, nalo ni pumzi ya bakteria wenyewe. Kila gramu ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza inawagharimu gramu 4 na nusu hivi za oksijeni. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama zilivyo jioni za Dar es Salaam mwezi wa Februari, hayavuki 7 na nusu. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, aliko na ndugu zake wanaopita majira ya baridi chini ya barafu. Kwenye baridi hiyo anaweza hata kukaa muda bila oksijeni, mwili wake ukigeuza taka yake kuwa pombe na kuitoa kwa matamvua. Watu wakisikia hivyo husema samaki huyu ni mgumu, hafi. Ugumu huo ni wa kwenye baridi. Kwenye maji ya vuguvugu mwili wake unadai hewa nyingi, na hewa yenyewe ni haba. Kivuli cha mwembe au turubai juu ya nusu ya bwawa ni bora kuliko dawa yoyote ya dukani, mradi uwe unaokota majani.

Umeme ukikatika, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Maji yaliyosimama ndani ya chujio lililofungwa huishiwa oksijeni baada ya saa chache, bakteria wanaanza kufa na maji yananuka kama mayai viza. Umeme ukirudi, pampu inayasukuma yote hayo kwa samaki. Ikiwa umekatika kwa muda mrefu, chomoa pampu, mwaga maji yaliyomo kwenye chujio, suuza kwa maji ya bwawa, ndipo uwashe. Chujio la wazi, lile la ndoo yenye kokoto ambapo maji yanadondoka kwa juu, linavumilia zaidi kwa sababu kokoto zinabaki na unyevu na hewa. Mimi nalipendelea hilo.

Masika nayo yana lake. Kazi ya bakteria inakula ugumu wa maji, yaani ile chokaa iliyoyeyuka humo na kuizuia pH isishuke, na mvua haina ugumu wa kuongeza. Bwawa linalojazwa na mvua tupu linaweza kushuka pH mpaka bakteria wakasimama kazi. Huku pwani tunatia makombe ya baharini kwenye mfuko wa wavu, ndani ya chujio. Yanayeyuka polepole kadiri maji yanavyozidi kuwa na asidi, na yanadumu miezi.

Nitrati, kituo cha mwisho, haina haraka ya kuua. Mimea huila, ndiyo maana bwawa lililokomaa lina mimea inayostawi. Kubadilisha robo ya maji kila wiki kunapunguza iliyobaki. Gugumaji hunywa nitrati kuliko mmea wowote ninaoujua, lakini yaliyolipata Ziwa Viktoria, lilipovamiwa na gugu hilo, yanatosha. Kama unalo, lisitoke nje ya uzio wako, wala samaki wenyewe wasiishie mtoni.

Namna ya kuanza, basi. Bwawa likishatulia pH, washa pampu, weka samaki wawili tu, wape chakula wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, tena mara moja kwa siku. Hawatakufa njaa, viluwiluwi vya mbu vitakavyoanguliwa humo watavimaliza wao. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti itapanda, itashuka. Ikipita wiki nzima zote mbili zikisoma sifuri huku nitrati ikionekana, bwawa limekomaa kwa samaki wawili. Ukitaka wanne, ongeza wawili na urudie kupima, maana bakteria wanakuwa wengi kulingana na chakula wanachopata. Bwawa la lita 1,000 mimi sijazi zaidi ya sita. Hao unaowanunua wakiwa saizi ya kidole hufika sentimita 20 na kupita.

Yuko anayeweza kukupunguzia wiki hizo: jirani mwenye bwawa kongwe lisilo na ugonjwa. Anayegandisha maziwa huacha mtindi kidogo ndani ya kibuyu ili ugandishe mengine, na bwawa linapokea mbegu kwa njia hiyohiyo. Muombe kipande cha sponji yake chafu na kokoto chache zenye ukoga. Zibebe kwenye ndoo yenye maji ya bwawa lake, bila kifuniko, kivulini, na uzitie kwenye chujio lako kabla ya jua kuzama. Zikikaukia njiani, umebeba kokoto tu.