Je, wajua kwa nini Marekani ilitunga sheria ya kununua mashine za ukaguzi?

Abiria aliyepita kwenye baadhi ya viwanja vya ndege vya Marekani mwaka 2006 aliweza kuambiwa aingie kwenye kibanda chembamba na asimame wima. Mara hewa inampiga kutoka pembeni, pu! pu! pu!, shati linapepea, nywele zinatimka. Hewa hiyo ilikusudiwa kung'oa chembe za baruti zilizonasa kwenye nguo na ngozi, kisha mashine izivute na kuzichunguza papo hapo. Hakuna kuvuliwa nguo wala kupapaswa. Kwa kweli wazo lilikuwa zuri.

TSA, idara inayokagua abiria nchini humo, ilinunua mashine 207 za aina hiyo kwa takriban dola milioni 30. Zilizofika kazini ni 101 tu, katika viwanja 36, na katikati ya mwaka 2006 usambazaji ukasimamishwa. Kilichozishinda si magaidi, ni vumbi na unyevunyevu. Mashine inayovuta hewa haichagui cha kuvuta, na hewa ya mahali wanapopita maelfu ya watu na masanduku yao si ile ya maabara. Zikawa zinaharibika kila mara, na matengenezo yake ni ghali.

Baadaye wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walibaini kwamba majaribio ya 2004 na 2005 yalikuwa yameshaonyesha mashine hizo hazitegemeki katika mazingira ya uwanja wa ndege. Sisi husema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa wa TSA gunia walilifungua, wakamwona mbuzi anachechemea, na bado wakalipa.

Kisa ni hofu. TSA yenyewe ilizaliwa Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Mwezi uliofuata Richard Reid akapanda ndege na baruti kwenye kiatu. Krismasi ya 2009 Umar Farouk Abdulmutallab akaingia na kilipuzi ndani ya chupi kwenye ndege ya kwenda Detroit. Baada ya tukio kama hilo, hakuna mkubwa anayetaka kusimama mbele ya wabunge na kusema "bado tunajaribu". Ndivyo zilivyosambazwa kwa kasi skana zilizoonyesha mwili wa abiria kana kwamba hana nguo. Watu wakalalamika, Bunge likadai picha iwe mchoro wa kawaida tu usio wa mtu fulani, na aina moja ambayo programu yake haikuweza kufanya hivyo ikang'olewa viwanjani mwaka 2013.

Wakati huohuo ghala lilikuwa limejaa. Mwaka 2012 wabunge walitoa ripoti kuhusu bohari ya TSA huko Dallas, Texas: vifaa takriban 5,700 vyenye thamani ya dola milioni 184 vimelala humo, vingi kwa zaidi ya miezi sita. Kifaa cha teknolojia si gunia la mchele. Kikikaa, kinapitwa na wakati.

Basi Desemba 2014 Rais Obama akatia saini sheria ya kurekebisha ununuzi huo. TSA ilitakiwa kutoa mpango wa miaka 5, ili watengenezaji wajue nini kitahitajika. Kabla ya kuagiza kipya, iangalie kwanza kilichomo ghalani. Mkataba ukizidi dola milioni 30, Bunge lielezwe faida yake kabla haujatolewa. Gharama zikipanda kwa zaidi ya asilimia 10, au kazi ikichelewa zaidi ya siku 180, au mashine ikishindwa kufikia kiwango kilichowekwa, Bunge liarifiwe. Kipengele cha ghala ndicho ninachokipenda: imebidi Bunge zima likae kuandika jambo ambalo mwenye duka la rejareja hulifanya kila asubuhi.

Mashine zilizokuwa tayari zinatumika viwanjani zilikuwa habari nyingine. Juni 2015 ilivuja kwamba wapelelezi wa serikali waliojifanya abiria walifanikiwa kupitisha silaha na mabomu bandia mara 67 kati ya 70. Kaimu mkuu wa TSA akaondolewa kwenye nafasi yake. Mwaka 2018 ikaja sheria nyingine, na safari hii ikagusa jinsi mashine zenyewe zinavyojaribiwa, ikitaka pia wapimaji huru watumike badala ya kila mashine kusubiri zamu kwenye vituo vya serikali.